Umetubu mara nyingi na bado huna uhakika wa wokovu?

Kwa miaka mingi sasa, huduma yangu kanisani ni kukaa na watu wanaobaki baada ya ibada. Wapo walioitikia wito wakaja mbele, na wapo wanaojikalia kwenye viti wakisubiri watu wapungue ndipo waniite. Maswali yao hayapishani sana. "Nitajuaje kwamba nimeokoka kweli?" "Nimeanguka tena, Mungu bado ananitaka?" "Nimeokoka, mbona mambo yangu yamezidi kuharibika?" Nyuma ya maswali haya mara nyingi nakuta fundisho ambalo mtu alilielewa vibaya, au alifundishwa vibaya, nalo limemtesa muda mrefu.

Nianze na sala ya toba, maana hapo ndipo nimeona machozi mengi.

Kuna kijana aliyekuwa akija mbele kila wito ulipotolewa. Ahubiri nani, yeye yupo. Siku moja nilimwomba tusisali kwanza, tukae tuzungumze. Nikamuuliza kinachomrudisha ni nini. Akasema kila akifika nyumbani hujiuliza kama aliyasema yale maneno kwa moyo wote. Alikuwa ameyakariri. Akanirudia sala nzima taratibu, macho yameinama, kisha akaniuliza kama kuna neno ameliruka.

Swali lile lilinichoma sana. Tumaini lake lote alikuwa ameliweka kwenye sala, na jinsi alivyoisali, hata hakubakiwa na nafasi ya kumtazama Yule aliyekuwa akimwomba.

Sala ya toba ni njema, na mimi huwaongoza watu kuisali. Lakini Biblia haijaweka maneno maalumu ambayo mtu akiyatamka, basi ameokoka. Mlinzi wa gereza kule Filipi alipouliza afanye nini apate kuokoka, Paulo na Sila walimjibu, "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako" (Matendo 16:31). Sala aliyosali, kama alisali, hatujaandikiwa. Mtoza ushuru alisimama mbali akajipigapiga kifua akisema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Mhalifu aliyesulubiwa alisema tu, "Nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako," na siku hiyohiyo akaahidiwa peponi. Hawa watu hawakufuatishwa maneno na mtu. Utaratibu wa kuita watu mbele na kuwaongoza sala ulienea hasa kupitia mikutano ya uamsho ya karne ya 19 na ya 20, ya wahubiri kama Charles Finney na baadaye Billy Graham. Vizazi vingi vya Wakristo waliotangulia viliokoka bila kuujua.

Yule kijana nilimfungulia Yohana 6:37 akasoma kwa sauti: "wala ye yote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe." Nikamwomba anionyeshe panaposema mtu aje kwa moyo uliotulia, au kwa maneno yaliyonyooka. Akasoma tena, polepole, kidole juu ya mstari. Hakupaona. Wasiwasi wake haukuisha siku ile. Ulipungua kidogo kidogo kadiri alivyoacha kuuchunguza moyo wake usiku na mchana, akaanza kuisoma Injili ili amjue Yesu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ukijiona unarudia sala ileile kwa hofu, acha kujiuliza uliisali vizuri kiasi gani. Jiulize unamtumaini nani. Imani yenyewe inaweza kuwa dhaifu. Baba mmoja alimlilia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akapona.

Hisia nazo zimewasumbua wengi. Mwingine alilia siku aliyookoka, mwingine hakusikia chochote, naye anadhani wokovu haukumfikia. Yohana anasema aliandika waraka wake wa kwanza ili wanaoamini wajue ya kuwa wana uzima wa milele. Uhakika huo anaujenga juu ya ushuhuda wa Mungu kumhusu Mwanawe. Furaha ni zawadi, nasi tuipokee ikija, lakini siku isipokuja hakuna kilichobadilika mbinguni.

Kosa lililoenea kuliko yote ni lile la mizani: mema huku, mabaya kule, Mungu aangalie upande unaozidi. Hata watu waliozaliwa kanisani wanalo. Mzee mmoja aliyekuwa mgonjwa sana aliniambia anaogopa kufa kwa sababu mema yake "hayajafika." Alikuwa mtu wa sala, mtu wa sadaka, wala hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. Nilimsomea Waefeso 2:8-9, kwamba tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Aliujua mstari huo kwa kichwa tangu ujana wake. Hakuwahi kudhani unamhusu yeye, na kitandani pale.

Tatizo la wahubiri wengi ni kuishia mstari wa tisa. Wa kumi unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema." Yakobo naye anatukumbusha kwamba mashetani nao huamini na kutetemeka, ndiyo maana imani isiyo na matendo anaiita mfu. Paulo na Yakobo hawagombani. Mmoja anamjibu mtu anayetaka kujinunulia haki, na mwingine anamjibu mtu anayesema ana imani huku akimwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende zake kwa amani. Ukitaka kumshauri mtu, jua kwanza unazungumza na nani kati ya hao wawili. Mzee mwenye hofu hahitaji Yakobo siku hiyo. Mwenye kiburi anaweza kumhitaji sana.

Hapa pia tunasingiziana kati ya madhehebu. Waprotestanti wengi wanaamini Kanisa Katoliki hufundisha kwamba mtu huokolewa kwa matendo yake. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547 ulimlaani yeyote asemaye mtu anaweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake mwenyewe bila neema ya Mungu kwa njia ya Yesu Kristo. Wakatoliki wengi nao wanadhani Walutheri hawajali matendo mema. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, wakikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika imani kwa kazi ya Kristo, si kwa sababu ya stahili yoyote iliyo ndani yetu. Tofauti zimebaki, na ni za kweli. Lakini tusimhubirie jirani dhidi ya fundisho ambalo kanisa lake halifundishi.

Kuhusu kuanguka. Wengi walifundishwa kwamba aliyeokoka hatendi dhambi tena, kwa hiyo akitenda, ama hakuokoka ama wokovu umemtoka na lazima aanze upya. Yohana anawaandikia waamini: "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe." Petro alimkana Bwana mara tatu, na Yesu alikuwa amekwisha kumwambia kabla ya hapo kwamba amemwombea imani yake isitindike. Mtoto akivunja kitu nyumbani atakemewa, pengine ataadhibiwa, lakini haendi kuzaliwa upya ndipo akae mezani. Ungama dhambi yako, itaje kwa jina lake, iache, mtafute ndugu mmoja unayemwamini akusaidie, kisha uendelee.

Kama mtu anaweza kuupoteza wokovu kabisa ni swali ambalo Wakristo hawajaafikiana. Sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa uliofanyika Uholanzi mwaka 1618 na 1619, iliitishwa kwa sababu ya mabishano yaliyogusa jambo hilo pia, na bado linajadiliwa. Nisemalo mimi ni kwamba anayelia kwa kuogopa kuwa amemwacha Mungu si mtu wa kutishiwa Waebrania 6, inayosema walioanguka hawawezekani kufanywa upya tena wakatubu. Na anayesema neema ipo, kwa hiyo atende apendavyo, tayari amejibiwa na Paulo: "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!"

Kuna fundisho jingine ambalo huniumiza kila ninapokutana na waliojeruhiwa nalo: kwamba ukiokoka, magonjwa na umaskini vinakuaga. Usipopona, imani yako ndiyo yenye kasoro. Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo alikuwa na magonjwa ya mara kwa mara, na Paulo akamshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu atokwe na mateso aliyoyaita mwiba katika mwili, akajibiwa kwamba neema yamtosha. Nani atathubutu kuwaambia hao hawakuwa na imani? Mungu huponya, nimeomba na watu wakapona, na nimeomba na wengine tukawazika wakiwa wamemshika Kristo. Mgonjwa asibebeshwe na hatia juu ya maumivu yake. Wanaofanya hivyo watakuja kuulizwa.

Mwisho, wapo wanaodhani wokovu ni jambo la siku ya kufa tu. Soma habari za Zakayo katika Luka 19. Yesu alijialika mwenyewe nyumbani mwake kabla mtu huyo hajarudisha hata senti moja. Kisha Zakayo akasimama akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya kitu. Ndipo Yesu akasema, "Leo wokovu umefika nyumbani humu." Nikikaa na mtu aliyeamini karibuni, baada ya kumsisitizia neema, huwa namuuliza kama kuna anayemdai, au aliyemdhulumu, au ambaye hawasemeshani. Karibu kila mtu ana jina la kutaja. Nenda kwa huyo wiki hii, na kama unaogopa kwenda peke yako, nenda na mwenzako wa kanisani. Asipokusamehe, usimlazimishe. Mrudishie kilicho chake, umwombe radhi kwa jambo lenyewe bila kujitetea, umwachie muda.