Plastiki iliyopauka, kromu na grili inayobanduka: kazi ya nyumbani au ya fundi?

Umeuliza mambo matatu kuhusu RAV4 yako: plastiki nyeusi za juu ya magurudumu zimepauka hadi zimekuwa kijivu, utepe wa kromu wa madirishani umeingia vidoadoa, na grili uliyoipiga rangi ya kopo la kupuliza mwaka jana inabanduka kama ganda la kitunguu. Wataka kujua kama kazi hii yafanyika nyumbani. Yafanyika. Mimi niko Kisauni, Mombasa, naendesha Probox yenye bampa zile nyeusi zisizopakwa rangi kiwandani, na baada ya kuitengeneza yangu majirani nao wakaanza kuniletea zao.

Nianze na grili, maana ukiielewa hiyo hayo mengine ni mepesi. Usiilaumu rangi, angalia kilichokuwa chini yake. Magari yetu hapa huoshwa barabarani, na ukimaliza kuoshewa kijana hupitisha ile dawa ya kung'arisha tairi na plastiki. Ile ina silikoni. Wengine hupangusa kwa dizeli, plastiki ikang'aa mpaka kesho yake halafu ikakusanya vumbi lote la Kongowea. Silikoni huioni kwa macho, lakini rangi ikitua juu yake hujikunja na kuacha vitundu vya mviringo, na ile inayobaki haijashika kitu.

Juu ya hiyo kuna chumvi. Upepo wa bahari huiacha kwenye gari usiku kucha, na maji ya visima vyetu vingi yana chumvi pia. Ukisuuza kwa maji ya kisima kisha ukapaka, umeifungia chumvi ndani. Itavuta unyevu kupitia kwenye rangi, na siku moja utaona malengelenge. Kwa hivyo kisima kitumie kutoa tope na sabuni, lakini suuzo la mwisho liwe la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yale ya mtungi wa mkokoteni. Mtungi mmoja wa lita 20 watosha grili na vioo vya pembeni na bado utabakisha ya kunawa.

Sabuni nayo iwe ya kuoshea vyombo, si shampuu ya gari yenye nta. Sugua kwa ile sponji ya kijani ya sufuria, hasa kwenye pembe na nyuma ya nembo, huko ndiko uchafu hukaa. Kisha mwagia maji na uinamie utazame. Maji yakitanda sawasawa juu ya plastiki, umeisafisha. Yakikatika na kufanya matone, bado kuna mafuta, rudia. Usiguse kopo la rangi kabla maji hayajatanda.

Ikikauka, pangusa kwa dawa ya kuondolea nta na silikoni inayouzwa maduka ya rangi za magari, au alkoholi safi ya isopropili. Kitambaa kimoja kilicholowa, kingine kikavu nyuma yake kabla haijakauka yenyewe. Spiriti ya dukani ya kusafishia vidonda usitumie, nyingi huwa na mafuta ya nyonyo ndani. Thina nayo usiikaribishe kwenye plastiki ya ABS, itailainisha uso.

Hilo la ABS utalijuaje? Geuza kipande utazame nyuma. Kiwanda huandika aina ya plastiki ndani ya alama mbili za mshale: >ABS<, >PP<, >PP+EPDM<. ABS hushika rangi vizuri ukiikwaruza kwa msasa namba 600 na kuipiga praima, ile rangi ya msingi inayotangulia. PP ndiyo yenye kiburi, kwa asili yake haishikwi na kitu. Hiyo lazima ipate praima ya plastiki, ile nyembamba isiyo na rangi, tabaka moja au mbili za kupuliza tu, kisha rangi ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukiichelewesha, imepoteza kazi. Muuzaji akikupa praima ya kijivu ya mabati akakwambia ni ileile, nenda duka jingine.

Sasa zile plastiki za juu ya magurudumu. Mimi nisingezipaka. Zina vinyweleo, na ukishazipaka umejifunga: jiwe likiruka, doa la kijivu litaonekana, na utakuwa unarudia kila mara. Zisafishe hivyohivyo nilivyoeleza, kisha upake dawa ya kurudisha weusi, ile inayokauka ikashikamana, si ya kupakaza mafuta. Kuna wanaotumia kipulizio cha moto. Weusi hurudi kweli, ila jua letu huula tena, na ukikisimamisha mahali pamoja plastiki inajikunja.

Kromu ya madirisha: kwanza ujue ni chuma, alumini au plastiki iliyopakwa kromu. Ikiwa inachubuka vipande vipande, vaa glavu, makali yake hukata kidole vibaya. Msasa wa maji namba 400 hadi vidoadoa viishe na mng'ao wote uondoke, halafu 600. Ukiacha hata kipande kidogo kinachong'aa, ndipo patakapoanza kubanduka. Chuma na alumini zataka praima yake ya kung'ata, ile yenye asidi inayoshika metali. Rangi chukua nyeusi ya nusu mng'ao, yafanana na ya kiwandani na haisemi makosa yako. Mpira ulio chini ya utepe huo ufunike, usiupake, utapasuka ukijipinda.

Kabla ya yote hayo jifunzie kwenye mikono ya wipa. Kwetu huliwa na kutu upesi, na ukiharibu hakuna atakayeona. Bandika kipande cha tepu kwenye kioo pale wipa ilipolala, ndipo ufungue nati, la sivyo utairudisha imekaa kombo.

Wakati: asubuhi umande ukishakauka, kivulini, kabla upepo wa mchana haujaamka. Unyevu ukiwa mwingi rangi huweka ukungu mweupe, na juani hukauka hewani ikatua kama mchanga. Masika usijisumbue. Kopo litikise dakika mbili nzima tangu gololi ianze kulia, shikilia umbali wa sentimita 20 hadi 25, anza kubonyeza kabla ya kufika kwenye kipande na uachie ukishakipita. Tabaka la kwanza liwe jepesi hata plastiki ionekane chini, subiri kama dakika kumi, ongeza. Gazeti la kufunikia liwe mara mbili, na chungulia kanga za jirani zimeanikwa upande gani. Tepu uibandue wakati rangi bado ni laini. Ikilala na joto hili, gundi yake itabaki kwenye gari.

Makopo yenye kiungo cha kugandisha kinachovunjwa ndani ni magumu kuliko ya kawaida, lakini yana isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Hayo mwachie mwenye vifaa vya kupumulia. Kopo lolote lile usiliache ndani ya gari juani, zaidi ya nyuzi 50 laweza kupasuka.

Wiki mbili za mwanzo gari usilipitishe kwa wenye mashine za maji ya kasi. Na bampa yenye rangi ya mwili wa gari usiijaribu kwa kopo. Hiyo yataka rangi ichanganywe kwa namba ya kiwandani na kupigwa kwa kompresa, mpelekee fundi, ila muulize kwanza atatumia praima gani kwenye plastiki. Akikwambia haina haja, geuza gari.