Uuguzi wa watoto nje ya wodi: maswali yenu

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Mazoezi ya afya ya mtoto nimepangiwa chekechea badala ya wodini. Nitajifunza nini kwa watoto wasioumwa?

Utamjua mtoto mwenye afya: anavyokimbia, anavyoongea, anavyogombania kidoli. Usipomjua huyo, aliyechelewa kuongea au asiyesikia vizuri utamtambuaje? Kaa na mwalimu wao pia, maana yeye huwaona kila siku.

Nafundisha uuguzi. Nina muda mfupi wa kwenda na wanafunzi kliniki na majumbani. Nianze na lipi?

Mwenzangu, anza na kuhesabu pumzi. Nyumbani hakuna eksirei. Dalili za nimonia huonekana kwa macho na saa. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi, kifua kikiwa wazi. Ahesabiwe dakika nzima. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 kataza kabisa, kwani mtoto mdogo hapumui kwa mwendo mmoja. Kwa mwongozo wa WHO na UNICEF, pumzi za haraka ni 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2 (huyu akifika 60, ahesabiwe tena), 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kuanzia mwaka 1 hadi 5. Kisha waangalie kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea anapovuta hewa.

Dalili za hatari wazijue bila kufungua daftari: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hana fahamu. Hapo ni rufaa, mara moja.

Nikitembelea familia, mama huitikia "ndiyo" kwa kila ninachosema. Nitajuaje kama ameelewa?

Usimuulize kama ameelewa, mwombe akuonyeshe. Kama mtoto anaharisha, achanganye ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) mbele yako. Akueleze zinki atampa mtoto siku ngapi: ni 10 hadi 14, hata kuharisha kukikoma mapema. Na kabla ya kumfundisha lolote, sikiliza ameshafanya nini, umsifu palipo pazuri. Mama aliyekaripiwa mbele ya majirani hatakuambia ukweli tena, na anayeumia ni mtoto.

Mwanafunzi anaweza kutoa dawa nyumbani akiwa peke yake?

Hapana. Awepo mkufunzi au muuguzi aliyesajiliwa.