Kerneli Ndani ya Flopi: Pima Kwanza, Kata Baadaye

Mashine ilikuwa Pentium ya zamani, haina CD, na BIOS yake (programu ya ndani inayoamsha mashine) haikuitambua USB hata ungeibembeleza. Kuingiza Linux humo kulihitaji flopi, na kerneli, yaani kiini cha mfumo, ilibidi niikate mpaka ienee kwenye flopi hiyo. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilikula wiki mbili, na sehemu kubwa ya muda huo ilipotea kwa ujinga wangu mwenyewe.

Flopi tunayoiita ya MB 1.44 ina baiti 1,474,560. Ukiiwekea FAT (mfumo wa kupanga faili) zinabaki 1,457,664, na SYSLINUX, programu inayopakia kerneli kutoka kwenye flopi, nayo inataka sehemu yake. SYSLINUX au kitu kama hicho huwezi kukikwepa, maana kerneli ya 2.6 haijiwashi tena yenyewe kutoka kwenye flopi kama zilivyofanya za zamani.

Siku tatu za mwanzo nilikuwa napima faili isiyohusika. Nakata draiva (vipande vya kerneli vinavyoendesha vifaa), naangalia vmlinux, yaani faili ya kerneli kabla ya kubanwa, imepungua, nafurahi. Kumbe kinachopanda flopi ni bzImage, ambayo tayari imebanwa, kwa hiyo ukikata kwenye vmlinux, bzImage hupungua kidogo tu. Kompaili (geuza msimbo kuwa kerneli), pima bzImage, andika namba kwenye daftari, kisha ndipo uguse kitu kingine. Na hiyo "bz" isikudanganye: si bzip2, ile njia ya kubana faili; maana yake ni zImage (muundo wa zamani wa faili ya kerneli) kubwa tu.

Anza na vinavyotoka bila majuto: sauti, USB, IPv6, SCSI kama diski yako ni ya IDE (aina nyingine ya kuunganisha diski) na unatumia draiva za zamani za IDE, na kadi zote za mtandao isipokuwa uliyo nayo. Mifumo ya faili, baki na ext2, mmoja wa ile ya Linux, na ule utakaouhitaji kweli. Iambie GCC, programu inayokompaili kerneli, ijali ukubwa kuliko kasi. Kama kerneli yako ni 2.6.30 au mpya zaidi, jaribu kubana kwa LZMA badala ya gzip. Mimi ndiyo iliyonivusha, ingawa mashine kuukuu hukaa ikiwaza kidogo kabla ya kuamka.

Halafu nikaingia tamaa. Nikazima printk, sehemu inayoandika ujumbe wa kerneli kwenye skrini, ili nipate kilobaiti chache zaidi. Skrini ikawa nyeusi, kerneli imekufa au inafanya kazi, hujui. Usiiguse mpaka kila kitu kiwe kinawaka, na hata hapo fikiria mara mbili.

La aibu zaidi ni hili. Nilikuwa nimegawa kazi: kerneli flopi ya kwanza, BusyBox (amri za msingi za Linux ndani ya programu moja) na vikorokoro vingine flopi ya pili. Kerneli ikawaka vizuri, kisha ikakataa katakata kuisoma flopi ya pili. Draiva ya flopi nilikuwa nimeifanya moduli (kipande kinachopakiwa baada ya kerneli kuwaka), na moduli zenyewe nimeziweka kwenye flopi ya pili! Flopi ya kwanza ilisomeka kwa sababu SYSLINUX hutumia BIOS. Kerneli ikishashika usukani, inahitaji draiva yake. Kwa hiyo draiva ya flopi, ramdisk (diski ya kuigiza ndani ya RAM) na ELF (uwezo wa kuendesha programu za Linux) vikae ndani ya kerneli, visiwe moduli.

Flopi zenyewe ni kuukuu kama mashine. Ukishaandika kwa amri ya dd, isome tena na uilinganishe na faili kwa amri ya cmp. Katika kumi nilizonunua, nne nilizitupa.