Eksirei ya ukwato wa farasi mwenye laminitisi

Ndugu uliyeuliza kutoka Njoro kama mfupa wa ndani ya ukwato kuinama digrii 6 kunamaanisha farasi wako jike amekwisha: hapana, namba hiyo peke yake haitoshi. Katika picha ya upande, anza na ule mstari mweupe wa waya ambao daktari aliubandika mbele ya ukwato, kisha uulinganishe na uso wa mfupa ulio ndani, kwa kuwa kwa farasi mwenye afya hiyo miwili huenda sambamba, lakini laminitisi, yaani uvimbe wa ndani ya ukwato, inapolegeza tabaka zinazoushikilia mfupa, ncha yake huinamia chini na nafasi kati ya waya na mfupa hupanuka. Mimi hutazama zaidi unene wa soli (sehemu ya chini ya ukwato) chini ya ncha hiyo. Ukiwa karibu milimita 15 nina matumaini, ukishuka chini ya 10 huingiwa na wasiwasi. Mfupa unaweza pia kudidimia wote bila kuinama, jambo baya zaidi, ambalo digrii hazilionyeshi. Kabla fundi wa kwato hajazigusa, mwombe daktari wa mifugo apime hayo yote kwenye miguu yote miwili ya mbele, na farasi asitembezwe kwenye changarawe.