Borbo au Pelopidas? Kumtambua kipepeo kwa mishipa ya bawa na maumbile ya mwili

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa biolojia na ninakusanya vipepeo kando ya mashamba ya mpunga. Wale wadogo wa kahawia wa familia Hesperiidae nimewapanga kwa kuhesabu madoa meupe ya bawa la mbele, lakini mwenzangu anasema kuwa nusu ya niliowaandika kuwa wa jenasi Borbo ni wa jenasi Pelopidas. Mwalimu, nianzie wapi, na nitaionaje mishipa bila kuharibu bawa?

Jibu: Madoa yaweke kando kwanza, kwa sababu hata ndani ya spishi moja ukubwa wake hutofautiana, na mara nyingi ya jike huwa makubwa kuliko ya dume. Hakikisha kwamba familia ni yenyewe: kichwa kipana kinacholingana na kidari au kukizidi, vipapasio vilivyoachana mbali tangu mashinani, na mishipa mitano ya radi (kwa Kiingereza radial, iliyo upande wa mbele) ya bawa la mbele ambayo kila mmoja hutoka peke yake katika chumba kikubwa cha katikati ya bawa, ilhali katika vipepeo wengi wa familia nyingine baadhi yake huchangia shina moja kabla ya kugawanyika.

Wanafunzi wengi hukwama kwenye majina ya mishipa hiyo. W. H. Evans, aliyetoa katalogi ya Hesperiidae wa Afrika mwaka 1937, aliihesabu kwa namba kuanzia ukingo wa nyuma wa bawa, na waandishi wa baadaye wakapendelea herufi. Kwa hiyo mshipa wa 5 ndio M2, wa 4 ndio M3, na ile mitano ya radi ni wa 7 hadi wa 11.

Mshipa wa 5 ndio ninaouangalia kabla ya mingine. Katika nusufamilia Hesperiinae, ambamo Borbo na Pelopidas wote wamo, mshipa huo kwa kawaida hupinda mwanzoni na kusogea karibu na wa 4. Katika jenasi nyingine za familia hii, Spialia, Sarangesa na Eretis, hauegemei hivyo upande mmoja, na Metisella nao hawana mpindo huo, tena miili yao ni myembamba na fumbatio ni refu. Coeliades hawahitaji hata hadubini: pingili ya mwisho ya palpi zao, vile viungo viwili vilivyo mbele ya uso, ni ndefu na nyembamba kama sindano.

Sasa kuhusu ugomvi wenu. Mishipa peke yake haitauamua, kwa kuwa jenasi hizi mbili ni za kabila moja (kundi lililo chini ya nusufamilia), Baorini, na mabawa yao yanafanana mno. Tafuta madume. Dume la Pelopidas mathias au la Pelopidas thrax lina mstari mwembamba wa magamba ya harufu, uliolala kimshazari juu ya bawa la mbele, na dume la Borbo hana mstari huo. Majike walinganishe na madume mliokwisha kuwatambua kutoka mahali pale pale, mkitazama muundi wa mguu wa kati kama una miiba au hauna. Mkibaki na shaka, chunguzeni viungo vya uzazi. Msishangae msipoikuta Borbo katika katalogi ya 1937, kwani Evans mwenyewe aliianzisha mwaka 1949. Uainishaji wa familia nzima ulipangwa upya na Warren, Ogawa na Brower mwaka 2008 kwa kutumia DNA, kisha mwaka 2009 wakaunganisha DNA na maumbile, nami naona njia hiyo ya pili ndiyo yenye manufaa kwa mtu mwenye sindano na lenzi tu.

Ili kuiona mishipa, dondosha tone la spiriti upande wa chini wa bawa huku mwanga ukitokea nyuma yake. Magamba yatapitisha mwanga kwa muda mfupi, na spiriti ikikauka bawa litarudi kama lilivyokuwa. Ukihitaji mchoro kamili, kata mabawa ya upande wa kulia, yaloweshe katika spiriti, uyatie katika jiki iliyozimuliwa hadi rangi ipauke, kisha uyasuuze kwa maji. Usifanye hivyo kwa kielelezo ulicho nacho kimoja tu, wala kwa dume ambaye mstari wake hujaupiga picha.