Junoon: Je, ni Roki au ni Kaswida?

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Kijana wangu hupenda kusikiliza bendi ya Junoon ya Pakistan. Mimi nasikia magitaa yanayonguruma, naye anashikilia kwamba maneno yake ni ya mawalii. Nimelelewa katika kaswida na maulidi, kwa hiyo nauliza: huu ni muziki wa Kisufi kweli, au ni roki iliyovishwa kanzu? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Kijana wako anasema kweli, ingawa si kwa nyimbo zote.

Junoon ilianzishwa Lahore mwaka 1990 na mpiga gitaa Salman Ahmad, aliyesomea udaktari kabla ya kujitosa katika muziki. Waliojulikana zaidi pamoja naye ni mwimbaji Ali Azmat na mpiga gitaa la besi Brian O'Connell, rafiki yake wa ujanani kutoka New York. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1991, iliegemea mno roki ya Kimagharibi, na kwa hiyo shaka yako ina msingi. Mwelekeo mpya wa Kisufi unasikika waziwazi katika albamu ya Inquilaab ya mwaka 1996, kisha katika Azadi ya mwaka uliofuata, iliyowapa umaarufu mkubwa hata India.

Jambo lililobadilika ni mpangilio wenyewe wa wimbo, wala si mapambo tu. Katika kawali, yaani nyimbo za ibada za Kisufi za Pakistan na India, kiongozi hutoa mstari, wenzake huitikia na kupiga makofi, na mstari huohuo hurudiwa tena na tena, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka msikilizaji aingiwe na hali ya kiroho. Wewe uliyekulia kwenye maulidi hutashindwa kuutambua mwendo huo. Junoon waliuchukua, wakauweka juu ya ngoma za tabla na dholak, na gitaa la umeme likawa linapanda pamoja na kiitikio badala ya kushindana nacho.

Albamu ninayoithamini kuliko zote ni Parvaaz ya mwaka 1999, ambayo sehemu kubwa ya maneno yake ni ya Bulleh Shah, mshairi wa Kipunjabi aliyefariki mwaka 1757 na kuzikwa Kasur. Inasimuliwa kwamba jamaa zake, waliokuwa masharifu, yaani wa ukoo wa Mtume, walimlaumu kwa kumfuata Shah Inayat, shekhe wa tarika ya Qadiriya aliyetoka katika ukoo wa wakulima. Katika shairi lake mashuhuri anajiuliza yeye ni nani, akikana kwamba ni muumini wa msikitini, akikana pia kwamba ni Musa au Firauni, na hivyo anaviondoa vyeo na nasaba kimoja baada ya kingine. Ali Azmat analiimba swali hilo kwa sauti kavu ya mtu anayelitafutia jibu hasa.

Mafundisho hayo waliyabeba hata nje ya studio. Mwaka 1998, baada ya India na Pakistan kufanya majaribio ya silaha za nyuklia, walitetea amani hadharani, na serikali ya nyumbani ikawapiga marufuku.

Nashauri mkae pamoja na kijana wako muisikilize Parvaaz, kisha mtafute mashairi ya Bulleh Shah yanavyoimbwa na Abida Parveen, mwimbaji wa Kisufi wa Pakistan, kwa ala za jadi. Hapo mtaweza kupima wenyewe gitaa la umeme limeongeza nini, na limepunguza nini.