METTL14 haifanyi kemia, ila METTL3 inaihitaji

Umeuliza kwa nini protini METTL3 hufanya kazi pamoja na protini METTL14 wakati zote mbili zina umbo la kimeng'enya. Kweli zinafanana sana, lakini ni METTL3 pekee inayoshika SAM, molekuli inayotoa methili (kikundi kidogo cha kemikali, CH3), na kuipachika methili hiyo kwenye naitrojeni namba 6 ya adenosini, moja ya vijenzi vya RNA. Picha za mwaka 2016 zilizotokana na fuwele za protini hizi zilionyesha kuwa kwenye METTL14 nafasi ya SAM imezibwa. METTL14 yenyewe huishikilia METTL3 ikae sawasawa na husaidia kuikamata RNA. Mimi hapo ndipo ninapovutiwa zaidi: umbo la kimeng'enya limebaki, kazi imebadilika kabisa! Alama hiyo ya methili ikishawekwa, mara nyingi mRNA (RNA inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini) huvunjwa mapema. Protini nyingine, ALKBH5, huweza kuifuta alama hiyo.